Pedali tano, volti tofauti: adapta moja haitoshi

Swali lenyewe ni hili, limetoka kwa kijana wa Likoni:

«Fundi, shikamoo. Napiga gitaa katika bendi ya hoteli kule Diani. Nina pedali tano, vile visanduku vya mguuni vya kubadilisha sauti ya gitaa: distoshoni ya Boss DS-1, korasi ya zamani ya Boss CE-2 niliyoachiwa na mzee mmoja wa bendi, ovadraivu iliyonakiliwa kutoka Klon, fazi yenye transista za jerimaniamu, na dilei ya kijani ya Line 6 DL4 ambayo shemeji aliniletea kutoka Marekani pamoja na adapta yake. Maandishi ya umeme hayafanani: 9V, ACA, 9V AC, na alama ya chanya na hasi kwenye fazi imepinduliwa. Dukani nimeambiwa ninunue adapta moja ya volti 12 na ampea 5, pamoja na waya wa kugawa, itazitosha zote. Mwenzangu naye anasema ovadraivu nikiipa volti 18 itapiga vizuri zaidi. Kwa sasa distoshoni, korasi na ovadraivu zinakula kwenye adapta moja ya volti 9, na ninasikia mluzi mwembamba. Tena korasi nikiiweka peke yake taa yake inafifia, nikiiunganisha na wenzake inang'aa. Nifanyeje?»

Marahaba, mwanangu. Adapta hiyo usiinunue. Na ile ya Marekani, kama bado hujaichomeka ukutani, iweke mbali kabisa na soketi mpaka umalize kusoma.

Aliyekushauri dukani amechanganya vitu viwili, volti na ampea. Ampea 5 hazina ubaya wowote. Pedali huvuta mkondo kwa kadiri ya haja yake: DS-1 yako inataka miliampea chache tu, hazifiki 20, na ukiipa adapta ya ampea 1 au ya ampea 5 itavuta zile zile chache. Matatu ya viti 14 ikipakia abiria watatu hakuna aliyeumia. Kinachoua ni ile 12. Volti haziiulizi pedali inataka ngapi; zinaingia zilivyo, na kilichomo ndani kitastahimili au kitaungua. Kwa hiyo unapolinganisha adapta na pedali, volti ziwe zile zile zilizoandikwa, na miliampea za adapta zifike au zizidi zile za pedali. Zikipungua, pedali itazimika, itakoroma, au adapta yenyewe itachemka.

Ni kweli zipo pedali za volti 9 zinazostahimili 12. Distoshoni nyingi za analogi zina vipuri vyenye nafasi kubwa: chipu za aina ya 4558 zinaweza kufanya kazi kwa zaidi ya volti 30, na kapasita zikiwa zimeandikwa 16V hazitapasuka. Lakini mtengenezaji akitia kapasita za 10V, nje huoni tofauti yoyote. Kwenye kifuniko pameandikwa 9V, na hiyo ndiyo ahadi pekee uliyopewa.

Katika kundi lako, ya kwanza kufa kwa hiyo adapta ya 12 ingekuwa ovadraivu, na hapa nataka tukae kidogo kwa sababu ushauri wa volti 18 ungeiua upesi zaidi. Klon Centaur yenyewe ilianza kuuzwa mwaka 1994. Siri moja ya sauti yake ni kwamba ndani mna chipu ndogo, MAX1044, inayopokea volti 9 kutoka kwenye adapta na kuzalisha volti nyingine: hasi 9 upande mmoja, na chanya inayokaribia 18 upande wa pili. Yaani hizo 18 anazokusifia mwenzako tayari zimo ndani ya pedali, zinatengenezwa humo humo. Sasa, chipu hiyo mwisho wake wa kupokea ni volti 10.5. Ukiilisha 12 umeshavuka, na ukiilisha 18 itakufa pale pale, pengine na harufu. Nakala nyingi zina chipu hiyo au ndugu zake wenye miguu iliyopangwa vile vile. Wapo wanaofika 12 au kupita kidogo, lakini sijaona pedali ya ukoo huu ambayo ningethubutu kuipa 18.

Mwenzako hakusema uongo, amehamisha ukweli wa pedali moja akaupeleka kwa nyingine. Fulltone OCD, kwa mfano, imetengenezwa ipokee kuanzia 9 hadi 18, na ukiipandisha unasikia tofauti: noti zinapata nafasi, besi haibanwi, ukipiga nyuzi kwa nguvu sauti haivunjiki mapema. Iliyoandikwa 9–18V, ipe. Iliyoandikwa 9V, ipe 9.

Chipu hiyo hiyo ndiyo ninayoishuku kwa mluzi wako. Ili ibadilishe volti, inajizima na kujiwasha maelfu ya mara kwa sekunde. MAX1044 ina mguu mmoja ambao ukiunganishwa inavyotakiwa kasi hiyo hupanda hadi mahali ambapo sikio la binadamu halifiki. Nakala za bei rahisi mara nyingi hutumia ICL7660, ambayo haina nafasi hiyo na hubaki karibu na mara 10,000 kwa sekunde, na hapo masikio ya kijana yanasikia vizuri sana. Kelele hiyo inarudi kinyumenyume kwenye waya wa umeme, inaingia DS-1, nayo kazi yake ni kukuza kila kidogo inachopewa. Ukiwasha distoshoni, sikiliza kama mluzi unazidi.

Kabla hujatoa shilingi, fanya jaribio. Chomoa waya wa umeme kwenye DS-1, uitie betri ya volti 9, uache nyingine zilivyo. Mluzi ukitoweka au ukipungua sana, mwenye kosa ni umeme wa kushirikiana. Ukibaki vile vile, chomoa ovadraivu kabisa kwenye mstari usikilize tena. Huenda kelele inapita kwenye sauti yenyewe, na hapo tatizo ni muundo wa pedali, adapta nzuri haitalitibu. Usichanganye mluzi na mvumo, lakini. Mvumo mnene, kama friji kuukuu inayonguruma, ni umeme wa ukutani wenye mzunguko wa 50 kwa sekunde, na una sababu zake: pikapu (vinasa sauti vya gitaa) za koili moja, waya mbovu, au njia mbili za ardhi kati ya vifaa vyako na amplifaya.

Sasa korasi. Nimefurahi umeiona ile taa, maana wengi wanaiona na kuipuuza. CE-2 ilitoka mwaka 1979, enzi ambayo Boss walitumia adapta waliyoiita ACA. Adapta hizo zilikuwa hazina kidhibiti cha volti, zikitoa umeme unaocheza karibu na volti 12 na kupita, kwa hiyo ndani ya pedali waliweka rezista na diodi za kuushusha ufike kama 9. Ukiipa CE-2 volti 9 safi za leo, nazo zinapunguzwa vile vile, pedali inabaki na njaa, taa inafifia, na sauti ya korasi inakosa mwili.

Mbona basi ikiunganishwa na DS-1 inang'aa? Kwa sababu kile kizuizi, yaani rezista na diodi, kiko upande wa hasi, kati ya tundu la adapta na ganda la pedali. Waya zako za sauti zinaunganisha maganda ya pedali zote, na waya wa kugawa umeunganisha hasi zote. DS-1 yako ni ya kizazi kipya, hasi yake haina kizuizi. Basi mkondo wa korasi unapita kwenye ganda la waya wa sauti, unaingia DS-1, unatokea upande wa pili na kurudi kwenye adapta bila kugusa ile rezista. Inafanya kazi, nakubali, lakini mkondo wa umeme unasafiri ndani ya waya wa sauti, mahali ambapo haukutakiwa kuwepo, na hilo peke yake linaweza kuleta kelele.

Ukilielewa hilo utaona mitego miwili. Siku utakayonunua chanzo kizuri cha umeme chenye njia zilizotengwa, yaani ambazo hasi zake hazikuunganishwa, na kuiweka korasi kwenye njia yake ya volti 9, taa itafifia tena, nawe utadhani umeuziwa kitu kibovu. Hapana, itakuwa imerudi kwenye hali yake ya peke yake: ipe njia ya volti 12, iliyotengwa, yake mwenyewe. Na ukiitia kwenye volti 12 za kushirikiana na wenzake, ule mchepuko utaifikishia 12 nzima nzima bila kupunguzwa. Hiyo nayo ingekuwa kazi ya adapta uliyoshauriwa.

Fazi ina sheria tofauti kabisa. Fazi za mwanzo, kama Fuzz Face iliyotoka London mwaka 1966, zilitumia transista za jerimaniamu za aina ya PNP, na kwa transista hizo ganda la pedali huunganishwa na chanya. Pedali nyingine karibu zote ganda ni hasi. Zikikaa mbalimbali, kila moja na betri yake, hakuna ugomvi. Lakini ukizilisha kwa adapta moja, chanya ya fazi iko kwenye ganda, hasi ya DS-1 iko kwenye ganda, na waya wa sauti umeyashikanisha maganda hayo mawili. Chanya na hasi za adapta zimekutana ana kwa ana. Hiyo ni shoti. Adapta yenye kinga itazima. Isiyo na kinga itayeyuka. Kupindua plagi hakusaidii, kwa kuwa shida haiko kwenye plagi.

Hii ndiyo pedali ambayo nakuambia bila kusita: iache na betri. Inavuta karibu miliampea 1 tu, kwa hiyo betri ya kawaida ya kaboni, ile ya bei ya chini, itakaa nayo miezi. Wapiga fazi wengi hata huipendelea, kwa sababu betri hiyo si ngumu kama adapta. Inalegea kidogo ukipiga kwa nguvu na sauti inakuwa laini. Kumbuka tu kuchomoa waya wa gitaa ukimaliza kupiga. Katika pedali nyingi swichi ya betri ni lile tundu la gitaa lenyewe: waya ukiwa ndani, betri inaliwa hata kama taa haiwaki.

Jambo moja juu ya jerimaniamu ambalo mtu wa London hana haja ya kulijua sana, ila sisi tunalo: joto. Transista hizo huvujisha mkondo zaidi kadiri zinavyopata moto. Ukipiga mchana kando ya bwawa la kuogelea, jua la Januari likiwa juu ya ubao wako, fazi iliyokuwa tamu usiku inaweza kukatakata noti na kufa sauti. Usikimbilie kubadilisha betri. Ihamishie kivulini, isubiri kidogo.

Tuje kwa DL4 na ile adapta uliyoiweka mbali. Marekani umeme wa nyumbani ni volti 120, mizunguko 60. Kenya ni 240 na 50. Chaja za simu za siku hizi huandikwa kuwa zinapokea kuanzia 100 hadi 240, hizo hazina shida popote. Adapta yako sivyo. Ndani mna transfoma ya waya na chuma, iliyopigiwa hesabu ya 120. Ukiichomeka hapa itatoa mara mbili ya inavyopaswa, kwa muda mfupi, kisha itaungua, na huenda ikaondoka na pedali. Kubadilisha umbo la plagi kwa adapta ya miguu mitatu hakubadilishi volti. Nimeletewa mezani mizigo mingi ya namna hii, zawadi za watu wa nje, na kila mara inaniuma kwa sababu mwenye kitu hakukosea lolote ila kuamini kwamba plagi ikiingia basi umeme unafaa.

Herufi AC kwenye DL4 hiyo nazo si mapambo. Pedali nyingine zinataka DC, umeme wa upande mmoja kama wa betri. Hii ya mwaka 1999 inataka umeme unaogeuka chanya na hasi, volti 9, kisha inaunyoosha yenyewe ndani. Wapo wanaoiendesha kwa vyanzo maalumu vya DC vilivyotengenezewa kazi hiyo, lakini kwa adapta ya kawaida usibahatishe. Toleo jipya, MkII la 2022, ndilo linalotumia DC ya 9. Watu wakikupa ushauri, waulize wanazungumzia lipi.

Una njia mbili. Ya kwanza ni transfoma ya kushusha 240 kuwa 110 au 120, kisha adapta yako ya asili ichomekwe hapo. Adapta hiyo ni ndogo, kwa hiyo yenye uwezo wa VA 50 (volti mara ampea) inatosha na kubaki. Itapata joto zaidi kidogo kuliko Marekani kwa sababu ya mizunguko 50. Ikiwa vuguvugu ni sawa, ikiwa huwezi kuishika, iache. Njia ya pili ndiyo ningeifanya mimi: mwendee fundi wa elektroniki, hata pale Mwembe Tayari, akufungie transfoma ya 240 kwenda 9, yenye ampea 2, ndani ya kisanduku kilichofungwa vizuri, na fyuzi upande wa ukutani. Akitumia ile ya 9-0-9, achukue waya wa katikati na mmoja wa pembeni tu. Akichukua ya pembeni mbili utapata 18. Na umwambie wazi asiweke diodi wala kapasita, maana fundi mzuri mkono wake utataka kuziweka. Ukiipata, fungia tepu nyekundu kwenye plagi yake. Plagi zote kwenye ubao zinafanana gizani, na ile ya AC ikiingia kwenye distoshoni, diodi ya kinga itaungua kwanza, kisha vingine vitafuata.

Basi mahitaji yako ni haya: DS-1 na ovadraivu, 9 DC kila moja na njia yake. Korasi, 12 DC iliyotengwa. Fazi, betri. DL4, transfoma yake. Chanzo unachokitafuta ni kidogo tu, chenye njia nne au tano zilizotengwa, na angalau moja inayoweza kuwekwa 12. Miliampea 100 kwa kila njia zinawatosha hawa watatu. Ukija kununua pedali za dijitali baadaye, ndipo utahitaji njia za miliampea 300 au 500, kwa hiyo ukipata chenye moja au mbili za namna hiyo, chukua.

Neno «kutengwa» sokoni linaandikwa ovyo. Vipo visanduku vyenye matundu manane yanayong'aa taa za samawati, na ndani hasi zote zimeunganishwa. Huo ni waya wa kugawa uliovishwa kisanduku. Nenda na mita ya kupimia umeme. Kisanduku kikiwa hakijachomekwa popote, weka mita kwenye kipimo cha mlio, ncha moja kwenye ganda la nje la plagi ya njia ya kwanza, nyingine kwenye ganda la nje la njia ya pili. Mita ikilia, hazikutengwa. Muuzaji akikataa usipime, mshukuru uende duka la pili.

Kwa usiku wa stima kupotea, pawabenki zenye uwezo wa kutoa volti 9 kwa USB-C zinafaa kwa DS-1 na ovadraivu, mradi utumie kebo maalumu inayoiomba 9, kwa sababu bila kuombwa hutoa 5. Zingine hujizima zikiona mzigo ni mdogo mno, na distoshoni mbili ni mzigo mdogo kwelikweli. Ijaribu nyumbani saa nzima kabla ya kuitegemea jukwaani.

Halafu kuna ile tabia ya kukata mguu wa ardhi kwenye plagi ya amplifaya ili mvumo uishe. Mvumo unaisha, ni kweli. Lakini nyuzi za gitaa lako zimeunganishwa na ganda la amplifaya, na midomo yako iko kwenye maikrofoni iliyounganishwa na mashine nyingine. Amplifaya ikipata hitilafu, njia ya umeme kwenda ardhini inakuwa ni wewe, na pale hotelini unasimama kwenye vigae vilivyolowa maji ya bwawa. Usikate, na ukikuta umekatwa, usiguse gitaa mpaka urudishwe. Mvumo una dawa nyingine: amplifaya na pedali zote zichomekwe ekstenshoni moja, na waya za sauti zenye kutu ya hewa ya bahari zisafishwe kwa spiriti au zibadilishwe.

Siku utakapoleta chanzo kipya nyumbani, pima kila plagi kabla haijagusa pedali. Mita iwe kwenye DC 20, ncha nyeusi nje ya plagi, nyekundu ndani ya tundu. Kwa pedali zako za Boss na ovadraivu, hasi iko katikati, kwa hiyo unatarajia kusoma 9 yenye alama ya kutoa mbele yake. Ukisoma 9 bila alama hiyo, plagi imepinduliwa, usiichomeke. Ukisoma 13 au zaidi kwenye adapta iliyoandikwa 9, haina kidhibiti, iweke kando. Transfoma ya DL4 ipime kwa upande wa AC wa mita. Isipobeba mzigo itasoma juu kidogo ya 9, kama 10 au 11, na hiyo ni kawaida yake.